Mke wa Asiyekuwepo

Kazi yangu ni kukodisha magauni ya arusi. Nina chumba kimoja katika mtaa wa Kampemba, kando kabisa ya barabara, na magauni yangu yananing'inia kwenye bomba la chuma, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki. Mlango ukifunguliwa upepo unaingia, na magauni yote yanageuka kidogo kwa pamoja, kana kwamba yanataka kujua nani amefika. Wateja wakiona hivyo wanacheka. Mimi niliacha kucheka tangu mume wangu alipopotea, maana kila yalipogeuka niliinua kichwa, na kila mara alikuwa mtu mwingine.

Mume wangu alikuwa mchimbaji, mmoja wa wale wanaoteremka mashimoni kwa kamba na tochi ya kichwani kutafuta kobalti. Alikwenda upande wa Kolwezi na wenzake, na huko shimo likaporomoka. Waliopatikana walitolewa wakazikwa, yeye hakuwa miongoni mwao. Mwenzake mmoja aliniapia kwamba asubuhi ile walishuka pamoja. Mwingine akaniapia kwamba siku hiyohiyo alimwona akipanda lori la kwenda mpakani, begi begani, na hata wakapungiana mkono. Wote wawili ni watu wazima, wanasali, hawanywi. Nikabaki katikati ya viapo viwili, si mke wala si mjane, na miaka ikaanza kupita.

Watu wa mume wangu ni Waluba wa kaskazini, Wakatoliki tangu babu yao aliyekuja mjini na kazi ya reli. Mama mkwe wangu ni mjane anayekaa Ruashi, karibu na mgodi. Mume wangu alikuwa mwanawe wa kiume wa pekee, na sisi wawili hatukujaliwa mtoto. Kila Jumapili baada ya misa mama huyo alikuja kwangu. Hakuanza kwa kunisalimia mimi. Alipita moja kwa moja hadi mlango wa chumba cha kulala, akabisha polepole, kisha akasogea pembeni kama mtu anayesubiri kukaribishwa. Ndipo aliponigeukia na kuuliza kama bwana wangu yuko. Nikijibu hayuko, alisema basi nimwambie mama yake alipita.

Mwanzoni nilikuwa nalia. Baadaye nilikasirika, na hasira ile ilinikaa sana, maana mimi ndimi niliyelala nyuma ya mlango ule uliobishwa. Usiku wa Jumapili nilikuwa nauangalia kutoka kitandani, nikijiuliza alikuwa anambishia nani.

Kulikuwa na kiti cha mume wangu pia, kiti cha mbao chenye mikono, ambacho mama alikataza kisiondolewe. Siku moja binti aliyekuja kupimwa gauni alichoka kusimama, akakikalia. Mama mkwe alimshika mkono kwa adabu, akamwinua, akamwambia hapo pana mtu. Yule binti alitazama kiti, akanitazama mimi, akatoka bila gauni na bila kuaga. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Aliyetunga msemo huo hakumjua mama mkwe wangu, kwa kuwa nyumbani kwangu asiyekuwepo ndiye aliyekuwa na kiti, na mimi mwenye nyumba nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

Nami nilikwenda kwake Ruashi mara kwa mara, kwa heshima tu. Mchana wakilipua baruti mgodini, nyumba za kule hutikisika, vikombe vikagongana kabatini na vumbi likashuka kutoka kwenye mabati. Majirani wamezoea, hawakatizi hata mazungumzo. Lakini yeye alikuwa anainama na kuweka kiganja chake sakafuni, kama mtu anayempima mtoto homa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mwanawe anagonga. Nikamwambia ni baruti, mama. Akasema baruti anaijua, ameishi nayo, na hii ni nyingine inayokuja nyuma yake.

Siku moja alipotoka kuteka maji nami niliweka mkono sakafuni. Mlipuko ulikuwa umepita kitambo na vikombe vimenyamaza. Saruji ilikuwa baridi. Kisha chini ya kiganja nikahisi kitu, kidogo, kama kidole kinachogonga meza mahali mbali, kikanyamaza, kikarudi. Niliuondoa mkono haraka, nikaupangusia kitenge. Sijui ilikuwa nini, na mama aliporudi sikumwambia.

Sasa nimtaje huyu mwingine. Ni fundi umeme, aliyefiwa na mkewe, mtu mpole mwenye mikono mikubwa. Alikuja dukani kumsindikiza mpwa wake aliyekuwa anaolewa, halafu akarudi kusema zipu ya gauni imekwama, halafu akarudi kusema imekwama tena. Zipu ile ilikuwa nzima kuliko mimi. Mwishowe aliona aibu, akatengeneza nyaya za duka langu zote bila kuombwa, na alipomaliza akaniuliza kama nitaolewa naye. Hakutaka mambo ya kujificha. Alitaka familia zikutane, mahari ipokelewe, twende komini, ofisi ya serikali ya mtaa, mbele ya ofisa, na padri naye kama atakubali. Kiti kile hakuwahi kukigusa. Alikaa chini, mgongo ukutani, akaniambia wazi kwamba angejua mume wangu yu hai asingekuwa na hofu, maana aliye hai unaweza kwenda kuongea naye.

Nilimkubalia, nikamwendea wakili mmoja mwanamke aliyewahi kuolewa akiwa amevaa gauni langu, nikamweleza shida yangu. Alinisikiliza vizuri. Alisema talaka inahitaji mtu wa kumshtaki, na mimi sina wa kumpelekea hata barua. Kifo nacho kinahitaji maiti, au basi mashahidi wanaokubaliana, na wangu wanapingana. Ila kuna njia nyingine. Mahakama ikimtafuta na ikamkosa, inaweza kumtangaza kuwa hayupo, na mke wa mtu aliyetangazwa hivyo anaruhusiwa kuolewa.

Nikadhani basi siku ya hukumu nitakuwa huru. Akatikisa kichwa. Hukumu haivunji ndoa, alisema, inafungua mlango tu. Ndoa ya kwanza inaendelea kuishi mpaka siku ya ndoa ya pili, na inakufa pale ile ya pili inapofungwa. Nikamuuliza pale ni pale lini hasa. Akasema pale utakaposema ndiyo mbele ya ofisa na kutangazwa. Nikafikiri sana. Maana yake nitaingia komini nikiwa mke wa mtu, na kwa neno langu mwenyewe nitammaliza mbele ya watu, nikitoka hapo ni mke wa mwingine. Nikamuuliza kama sheria haiwezi kumpa mtu mwingine kazi hiyo, hakimu au nani. Alicheka, akidhani namtania.

Padri alikuwa na maneno machache zaidi. Kwa Kanisa kifungo cha ndoa kinakatwa na mauti, na yeye hawezi kunifungisha ndoa nyingine bila kuwa na hakika ya mauti hayo. Kutokuwepo si kufa. Alinionea huruma kweli, akaahidi kuwauliza wakubwa wake, na hadi leo wakubwa wake wanaulizwa.

Kesi ikaanza, na mahakama ikaagiza atafutwe. Njia mojawapo ya kumtafuta mtu ni redio. Ilikuwa jioni, wakati wanawake wa uani kwetu wanatwanga sombe, majani ya muhogo, na kila nyumba imefungua stesheni ileile ya matangazo. Yule msomaji anayetangazaga vifo, mwenye sauti ya pole, akasoma jina la mume wangu lote, la babu yake na la ubatizo, akimtaka ajitokeze au yeyote mwenye habari zake aseme. Redio zetu hazilingani, hii inatangulia, ile inachelewa. Kwa hiyo jina lilipita nyumba hadi nyumba, likijifuata lenyewe, likaenda likaishia mwisho wa uchochoro. Ilikuwa kama mtu anayepita akimwita mlango kwa mlango. Michi ilisimama yote. Jirani yangu alinitazama kwa juu ya ukuta, mchi mkononi. Niliingia ndani nikafunga komeo, na jua lilikuwa bado halijazama.

Siku ya kusikilizwa tulikaa kwenye benchi za ukumbini, watu wengi wa kesi mbalimbali. Kabla hakimu hajaendelea, karani hutoka mlangoni na kumwita anayetafutwa, ili isisemwe kwamba hakuitwa. Karani alilitamka jina la mume wangu kwa nguvu. Watu wote benchini, wasionijua wala wasiomjua yeye, waligeuka kutazama mwisho wa ukumbi, pale penye mlango wa kutokea nje. Nje jua lilikuwa kali, huwezi kuona anayekuja mpaka afike. Karani akaita tena. Nikagundua kwamba nasali asiitike. Mume wangu, ambaye nilimpenda, ambaye nilikesha nikimlilia, nilikuwa nasali kwa moyo wote asiingie kwenye mlango ule.

Karani akaita mara ya mwisho. Huko nje mtu akakohoa. Alikohoa mara moja tu, kikohozi cha mwanamume, kikohozi kikavu cha mtu wa vumbi. Tulingoja. Hakuna aliyeingia. Karani akasema hayupo, akarudi ndani, na watu wakageuka kila mmoja kwenye mambo yake. Nilipotoka baadaye uani palikuwa na mlinzi tu, na mlinzi alikuwa mwanamke.

Hukumu ikatoka. Mimi na mchumba wangu tukaipeleka kwa mjomba wangu, nami nikiwa nimefurahi, kwa kuwa yeye ndiye wa kupokea mahari, na bila mahari hakuna ofisa wa komini atakayekufungisha ndoa. Sheria yenyewe inaitaka. Mjomba aliisoma yote, akavua miwani, akanirudishia. Alisema hawezi kupokea mahari ya mwanamume wa pili wakati wa kwanza hajatolewa mwilini mwangu. Kwetu na kwa Waluba pia mtu akifiwa na mwenzake, kivuli cha marehemu hukaa juu yake mpaka watu wa marehemu wenyewe wakitoe. Kazi hiyo tunaiita kutosha mufu, yaani kumtoa mfu. Anayekuoa kabla ya hapo amewaoa wawili, na kwa kawaida hadumu. Mjomba wangu ana diploma na simu mbili, lakini siku ile alimtazama mchumba wangu kwa huruma kama anayempima urefu.

Nilibishana naye. Nilimwambia hata mahakama haikusema amekufa, sasa mufu anatoka wapi? Akajibu pasipo hasira.

"Karatasi ya tribunal inafukuza muntu. Mufu hasomake karatasi."

Ikabidi nirudi Ruashi. Nilipiga magoti mbele ya mama mkwe, nikamwomba familia initoe mufu. Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Hakuinua macho. Alisema kazi hiyo inafanywa kwa wajane, na mimi nina mume. Nikamkumbusha miaka. Nikamkumbusha shimo. Aliweka ungo chini.

"Mutoto yangu haiko mufu, iko mu njia," alisema. "Unataka nimuue na kinywa yangu?"

Nilikasirika hivyohivyo. Njiani kurudi nilitembea nikiongea peke yangu. Yeye hakutaka kumuua kwa kinywa chake, na sheria ilitaka nimuue kwa changu. Yeye angalau aliruhusiwa kukataa.

Msimu wa mvua ulipita wote. Halafu, bila mimi kuuliza, akaniletea ujumbe nije Jumapili pamoja na mjomba, nimevaa kitenge cha kawaida, bila hereni. Mjomba alijua maana yake mara moja. Tulipofika tulikuta wanawake wa ukoo wamekaa kimya kandokando ya ukuta, mkeka umetandikwa katikati, juu yake sahani ya unga mweupe na ushanga mweupe. Kila kitu kilikuwa kama inavyotakiwa. Nilipouona ushanga ule nilianza kulia, kwa kuwa nilielewa kwamba amekubali, na nikamwonea uchungu mama yule kuliko nilivyojionea mwenyewe.

Nilikalishwa mkekani, miguu imenyooshwa. Nilitazamia aje mpwa wa mume wangu, mtu mzima, anifunge ushanga na mambo yaishe. Badala yake akatoka dada mdogo wa mume wangu, amebeba mtoto wake mchanga wa kiume, ambaye miezi yote hiyo walikuwa wanamwita mgeni tu, hawajampa jina. Mama mkwe alimchukua, akamweka mapajani kwangu. Alitupaka unga kwenye paji, mimi kwanza, kisha mtoto. Alitufunga ushanga, mimi mkononi na mtoto mkononi. Kisha akainama sikioni mwa mtoto akamwita jina la mume wangu, lote, la babu na la ubatizo, kama lilivyoitwa mahakamani.

Wakati huohuo mgodini wakalipua. Nyumba ikatikisika, vumbi likatushukia. Watoto wachanga hushtuka kwa ndege tu anayepita, lakini huyu hakushtuka. Aliendelea kunitazama. Wanawake wakaja mmoja mmoja kunishika mkono, nami nikangoja wanipe pole ya msiba. Hawakunipa hiyo. Walinipa pole ya kungoja, ile wanayopewa wake ambao waume zao wametoka safari. Mama mkwe akapiga makofi taratibu, akasema kwa furaha niliyokuwa sijaiona usoni kwake tangu siku ya shimo.

"Bwana yako amerudia. Alikawia, lakini amerudia."

Lazima nieleze kosa lilikuwa wapi. Kwetu jina haliendi peke yake. Anayepewa jina amepewa na mahali, na ndiyo maana utamsikia bibi kizee akimwita mjukuu wake bwana yangu, wakacheka wote. Kumweka mtoto mdogo mahali pa marehemu ni desturi ya zamani na nzuri, inamwepusha mjane asisumbuliwe na wanaume wa ukoo. Mtoto akishakaa hapo, mufu ametoka, mjane yuko huru. Lakini ili mtoto akae mahali pa marehemu, marehemu lazima kwanza aagwe. Mama mkwe hakumuaga mwanawe. Alifanya kazi ya kuaga yote, mkeka, unga na ushanga, kwa maneno ya kupokea.

Tulipotaka kuondoka, mtoto alikuwa amekamata ukosi wa blauzi yangu na hakuna aliyeweza kukifungua kile kiganja. Mama yake alijaribu mpaka akatoka jasho. Njiani nilimuuliza mjomba kama sasa niko huru au nimeolewa upya na mume yuleyule. Akasema tusiyachimbue maneno ya mama mzee, kazi imefanyika, atapokea mahari. Lakini aliharakisha kutembea, na hakugeuka nyuma hata mara moja.

Mama hakuacha kuja Jumapili. Sasa alikuja na mtoto mgongoni. Hakubisha tena mlango wa chumbani, hakuuliza tena kama yuko. Alimfungua mtoto, akamkalisha kwenye kile kiti na kumzungushia mito, kisha yeye akakaa chini kwenye mkeka, miguu imekunjwa, ameridhika. Mtoto hakulia wala hakuchezea chochote. Alikaa wima akiyatazama magauni. Jumapili moja mchumba wangu alifika hajui kama wapo. Alisimama kizingitini akamwona mtoto kwenye kiti. Alivua kofia, akamsalimia yeye kwanza kabla yetu sisi, akaaga, akaondoka. Nilitaka kucheka, nikashindwa, nikaogopa kwamba ndivyo tutakavyoishi.

Mahari ilipokelewa na siku ya komini ikafika. Nilichagua gauni kwenye bomba langu mwenyewe bila kulifikiria sana, maana siku ile nilitaka tu iishe. Ukumbi ulijaa. Shangazi zangu walivaa vitenge vya sare, na upande wa mchumba wangu dada zake walikuwa tayari wamekohoakohoa kwa ajili ya vigelegele. Mama mkwe hatukumwalika. Nani angethubutu? Tulipoingia nilimkuta amekaa mstari wa mbele, mtoto mapajani, amemvalisha suti ndogo nyeusi na tai.

Ofisa alikuwa kijana, amevaa mkanda wa bendera kifuani. Alisoma karatasi zetu haraka kwa vile wengine walikuwa wanangoja nje. Alipofika kwenye habari zangu alisoma kwamba nilikuwa mke wa fulani, akataja jina lote, ambaye mahakama imemtangaza kuwa hayupo.

"Iko," akasema mama mkwe.

Hakupaza sauti. Alisimama, akamwinua mtoto kwa mikono miwili ili ofisa amwone vizuri.

"Unamuita, shiye tunaitika. Iko hapa."

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akaacha. Ofisa alitazama karatasi, akamtazama mtoto mwenye tai. Mjomba akasogea, akamnong'oneza kwa muda mrefu. Yule kijana alikuwa msomi, lakini ni mtoto wa hapahapa, ana bibi yake pia. Kisha akasema taratibu kwamba sheria haimjui mtu aliyerithi jina, inamjua mtu mwenyewe, na hukumu bado ni hukumu. Akanigeukia.

"Madame, tunaendelea?"

Mchumba wangu alikuwa ananiangalia, jasho linamtiririka. Nilijua kwamba nikijibu ndiyo, inatosha, sheria iko upande wangu, yule mama atatolewa nje na walinzi na mimi nitaolewa. Nilijua pia kwamba nitakuwa nimemmaliza mtoto wake mbele ya macho yake wakati amemshika mikononi. Hasira yangu yote ya Jumapili zile niliitafuta inisaidie, sikuiona.

Nilishuka na gauni langu lote, nikapiga magoti mbele ya yule mtoto. Nilimwita jina lake. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mtu kwa jina hilo tangu mume wangu apotee.

"Nilikungojeaka," nikamwambia. "Nimechoka. Unipe njia."

Mtoto alinitazama kama alivyonitazama siku ya ushanga, bila kupepesa. Mtoto wa umri huo hasemi, lakini kwetu aliyemshika ndiye anayemsemea, na hilo kila mtu ukumbini alilijua. Kwa hiyo watu wote walimtazama mama mkwe mdomoni. Angeweza kusema hapana. Nina hakika alikuja kusema hapana. Alifungua mdomo, akaufunga, akamtazama mtoto kwa karibu sana, uso kwa uso, kwa muda mrefu.

"Anasema..." akakwama. Akaanza tena. "Anasema, wende."

Nikadhani amemaliza, nikaanza kuinuka. Lakini mdomo uliendelea, na sidhani kama ni yeye aliyetaka uendelee, kwa sababu alishtuka mwenyewe kuyasikia.

"Anasema, na weye mama, uniachie."

Ofisa hakungoja zaidi. Aliniuliza, nikasema ndiyo. Akamuuliza mchumba wangu, akasema ndiyo. Akatutangaza mke na mume, na dada zake wakapasua vigelegele. Katikati ya vigelegele hivyo nilimwona mama mkwe akimpa mtoto mtu aliyekuwa karibu naye. Alivua viatu. Alivua kitambaa cha kichwa. Akajishusha polepole sakafuni, akanyoosha miguu kama wanavyokaa wanawake wetu penye kilio, akaanza kumlilia mwanawe. Alimuuliza kwa nini aliondoka bila kuaga, nani alimfumba macho, nani alimwosha. Miaka ile yote hakuwa amelia hata mara moja.

Vigelegele vilikatika kimoja kimoja. Shangazi zangu walitazamana, kisha mkubwa wao akavua viatu akakaa sakafuni na kitenge chake cha sare. Wa pili akafuata. Kisha dada wa upande wa pili, wale wa vigelegele, nao wakaja wakakaa. Mlangoni arusi nyingine ilikuwa imefika na maua yake, ikasimama kimya, na ofisa hakuthubutu kutuambia tupishe. Nilikaa kando ya mama, nikanyoosha miguu ndani ya gauni jeupe, nikashika mkono wake, tukamlilia mume wangu. Yule niliyetoka kuolewa naye alisimama nyuma yetu, amevua kofia, mtoto amelala begani kwake.